Sanamu ya mazoezi, logi au simulesheni: ukitaka kujua kiwango chako cha reidi, uamini kipi?

Jumamosi moja asubuhi binamu yangu wa Ujiji alinirushia picha mbili za skrini. Ya kwanza ilikuwa ya dakika tano za kuipiga sanamu ya mazoezi: dameji, yaani madhara anayofanyiwa adui, laki nne na elfu kumi kwa sekunde. Ya pili ilikuwa ya reidi, yaani pambano la kundi kubwa dhidi ya bosi ndani ya gemu, ya usiku uliotangulia. Bosi kaanguka, watu wanashangilia, na jina lake liko mkiani mwa orodha na laki mbili na nusu. Chini kaandika: "Kaka, kati ya hizi mbili ipi inanidanganya?"

Nikamuuliza simulesheni inasemaje. Hakuwa ameifanya. Tukabishana wiki nzima, na naona ubishi wenyewe unawahusu wengi wanaocheza gemu za mtandaoni kama World of Warcraft, Elder Scrolls Online au Final Fantasy XIV wakiwa huku kwetu Kigoma huku seva iko Ulaya. Mtu anataka kujua kama yeye ndiye anayelivuta kundi nyuma, kabla hajaambiwa mbele za watu.

Vyombo vinavyotumika sana ni vitatu. Kuna sanamu ya mazoezi, lile gogo lisilorudisha pigo. Kuna logi, yaani kumbukumbu ya pambano halisi iliyopakiwa mtandaoni ichambuliwe. Na kuna simulesheni, programu inayompiganisha mhusika wako kwa hesabu tupu bila wewe kugusa kitufe. Mifano yangu mingi ni ya World of Warcraft kwa kuwa ndiyo tunayocheza, lakini nitapita kwenye nyingine pale zinapotofautiana sana.

## Maswali ya kupimia

Nitakiuliza kila chombo maswali matano yaleyale. Kinapima nini hasa? Bahati na watu wengine wanaingia kiasi gani kwenye namba? Kinagharimu nini? Kinaficha nini? Na kinamfaa nani?

Kwenye gharama niseme neno moja la hapa nyumbani. Makundi mengi ya Ulaya huanza reidi saa mbili usiku kwa saa zao. Majira yao ya baridi hiyo ni saa nne usiku Kigoma, majira ya joto ni saa tatu. Reidi ya saa tatu inakutoa saa saba usiku, wakati taa za wavuvi wa dagaa bado zinawaka ziwani na wewe una kazi asubuhi. Ongeza bando, ongeza umeme unaoweza kukatika, ongeza pingi, yaani milisekunde ambazo agizo lako linachukua kwenda kwenye seva na kurudi. Chombo cha kutumia mchana kwa dakika kumi na chombo cha kukesha nacho havina bei moja, hata kama vyote vimeandikwa "bure".

## Sanamu ya mazoezi

Inapima nini. Mikono yako. Je, vidole vinajua kitufe kipi kinafuata bila macho kushuka kwenye kibodi? Je, uwezo mkubwa unaubonyeza mara tu unapopoa, yaani unapokuwa tayari kutumika tena, au unaukumbuka sekunde kumi baadaye?

Sanamu zenyewe hazifanani. World of Warcraft iliziweka kwenye miji mikuu kama Stormwind na Orgrimmar mwaka 2008. Hizo hazifi, unaweza kuzipiga mpaka kesho. Kwenye Elder Scrolls Online unaiweka sanamu nyumbani kwako ndani ya gemu, na ile kubwa ya kujiandalia mapambano ya watu 12 ina uhai milioni 21 na inakupa nyongeza za nguvu ambazo wenzako wangekupa. Ukitoa laki moja kwa sekunde, inaanguka baada ya sekunde 210, yaani dakika tatu na nusu. Final Fantasy XIV ina kitu kinachoitwa Stone, Sky, Sea: unachagua pambano unalojiandalia, unapewa sanamu yenye uhai uliopimwa kwa pambano hilo, na dakika tatu za kuiangusha. Hupewi dipiesi (dameji kwa sekunde) ya kujisifia. Ama imeanguka, ama haikuanguka.

Kwa hiyo mtu akikwambia "nimefikisha kiasi fulani kwenye sanamu", swali la kwanza ni sanamu gani. La pili ni kwa muda gani, na hapa ndipo wengi wanajidanganya bila kukusudia. Chukua uwezo mkubwa unaopoa kwa dakika mbili. Ukipiga dakika moja ukaacha, umeutumia mara moja ndani ya dakika moja. Ukipiga dakika tano, umeutumia mara tatu: mwanzo, dakika ya pili, dakika ya nne. Jaribio la kwanza linakupa namba ya mtu ambaye uwezo wake unapoa kila dakika, mtu ambaye hayupo. Na hata kwenye jaribio refu, ukisimama sekunde moja kabla ya dakika ya nne una mara mbili tu, ukisimama nusu dakika baadaye una tatu. Angalia bosi mnayempiga huchukua muda gani kuanguka, chagua muda huo, usiubadilishe.

Bahati. Ipo ya aina mbili. Ya kwanza ni mapigo makali yanayokuja kwa nasibu. Dawa yake ni kurudia mara tano na kuchukua wastani, sio kuchukua lile jaribio lililokufurahisha.

Ya pili ni majirani. Mwaka jana nilipata namba iliyonifanya nisimame kwenye kiti. Nikaita mtu aje aone. Nilipofungua mchanganuo nikakuta mapigo yangu ya eneo yalikuwa yanaruka kwenye sanamu nne za pembeni, na kihesabu kimezijumlisha zote kama adui mmoja. Juu ya hapo, mchezaji nisiyemjua alikuwa anaipiga sanamu ileile na kuilainisha kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo natafuta sanamu ya pembezoni, na kabla ya kufurahi nafungua kuona nimempiga nani.

Gharama. Ndogo kuliko zote kwa mtu asiye na kundi. Unaingia muda wowote, unapiga, unatoka. Umeme ukikatika dakika ya tatu, hakuna watu 19 wanaokungoja gizani. Gharama halisi ni uchoshi. Kupiga gogo dakika tano mara tano ni karibu nusu saa ya kufanya kitu ambacho mama yangu, akipita mlangoni, huwa ananiuliza: "Huyo hajafa tu mpaka sasa?"

Kuna kazi moja ambayo sanamu inaifanya vizuri kuliko vyombo vingine viwili, na kwa mtu wa Kigoma naiona ni ya thamani kuliko hata dipiesi: kupima umbali wako na seva.

Kwa tabaka nyingi, yaani aina za wahusika, kwenye World of Warcraft, kati ya kitufe na kitufe kuna sekunde moja na nusu, na muda huo unapungua kadiri vifaa alivyovaa mhusika wako vinavyokuongezea kasi. Vua vifaa vyote. Ndiyo, vyote, simama uchi mbele ya sanamu. Chagua uwezo mmoja usiohitaji kupoa na usiochukua zaidi ya muda huo, kisha ubonyeze kwa dakika moja kamili. Hesabu rahisi: sekunde 60 gawa kwa 1.5 ni mara 40. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, kwa intaneti ya simu, pingi ikicheza kwenye 200, nilipata 35. Maana yake kila pigo lilikuwa linachukua karibu sekunde 1.7. Kwa pambano la dakika tano hiyo ni mapigo 175 badala ya 200. Zaidi ya asilimia 12 ya kazi yangu ilikuwa inaliwa njiani, na nilikuwa nimetumia miezi kulaumu silaha.

Kilichofuata kilinishangaza. Gemu ina dirisha la kupokea kitufe mapema. Kwa kawaida ni milisekunde 400 kabla kitufe kilichotangulia hakijamaliza muda wake. Ukibonyeza ndani ya dirisha hilo, agizo linasafiri huku la kwanza likimalizika, na seva inalipanga foleni. Mimi nilikuwa nasubiri kitufe kiwake ndipo nibonyeze, adabu ya bure kabisa. Nikarudia jaribio nikibonyeza mapema: 39. Intaneti ileile, laptopu ileile. Jaribio hilo la dakika moja unaweza kulitumia pia kulinganisha mtandao wa simu na mwingine, au saa mbili usiku na saa sita usiku, kabla hujaingia gharama ya kuhama.

Inaficha nini. Mengi. Sanamu haitembei, haiweki moto chini ya miguu yako, haiiti vibaraka wa kuisaidia. Zile za World of Warcraft kwa kawaida uhai wake haushuki kama wa bosi, kwa hiyo kama tabaka lako lina pigo linalofunguka adui akibaki na asilimia 20, hulifanyii mazoezi hapo. Na huna wenzako. Ile nyongeza ya asilimia 30 ya kasi kwa sekunde 40 ambayo kundi hupandisha mara moja kwenye pambano haipo, labda tabaka lako liwe nayo lenyewe. Kwa hiyo namba ya sanamu inaweza kuwa juu ya ile ya reidi kwa sababu hukimbii, na inaweza kuwa chini yake kwa sababu huna msaada. Mtu anayesema "reidi ni sanamu toa asilimia kadhaa" anabuni.

Pale Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, utawaona watu wanashona nyavu mchangani. Ni kazi halisi, wavu uliotoboka haushiki kitu. Lakini hakuna anayehesabu dagaa kwenye wavu ulioanikwa.

Inamfaa nani. Aliyebadilisha tabaka jana, aliyehamisha vitufe, aliyerudi baada ya miezi sita, anayehisi mtandao wake una tatizo. Inamfaa pia mchezaji wa Final Fantasy XIV, kwa sababu Square Enix inakataza programu za nje, na sanamu yao ya dakika tatu ni kipimo kilichomo ndani ya gemu yenyewe, hata kwa anayecheza kwenye PlayStation. Tanki, yule anayebeba mapigo ya bosi, na mponyaji hapa hawana chao kikubwa. Mponyaji atamponya nani, gogo?

## Logi za reidi

Inapima nini. Kilichotokea. Sio ulichoweza, ulichofanya, usiku ule, na watu wale. Kwenye World of Warcraft unaandika amri ya /combatlog, gemu inaandika kila tukio kwenye faili, na mmoja wa kundi anaipakia Warcraft Logs. Final Fantasy XIV na Elder Scrolls Online zina tovuti dada, ingawa ya kwanza inategemea zile programu za nje zinazokatazwa. Unapewa daraja la asilimia dhidi ya wachezaji wengine wa tabaka lako kwa bosi yuleyule, na rangi yake: kijivu chini ya 25, kijani mpaka 49, bluu mpaka 74, zambarau mpaka 94, chungwa 95 mpaka 98, waridi 99, na dhahabu kwa 100.

Watu wengi huishia kwenye rangi. Ni kama kusoma matokeo ya mechi bila kuiangalia mechi. Mali iko ndani: umebonyeza kila uwezo mara ngapi, ulikuwa unafanya kitu kwa asilimia ngapi ya muda, umekufa sekunde ya ngapi na kwa kitu gani.

Hapo ndipo tulipompata binamu. Muda wake wa kufanya kazi ulikuwa asilimia 70. Chukua laki nne na kumi za sanamu, piga mara sifuri nukta saba: laki mbili na elfu themanini na saba. Tayari nimeeleza sehemu kubwa ya pengo bila kugusa ufundi wake. Alikuwa anakimbia mapema mno. Duara likichorwa chini, wenzake wanamaliza pigo ndipo wanasogea hatua mbili. Yeye anaacha kila kitu na kwenda kusimama ukutani, tena anangoja huko mpaka moto uzime. Nilimwelewa. Kwa pingi ya 200 ukishaungua mara tatu kwa kuchelewa, unajifunza woga. Kilichobaki kilikuwa uwezo mkubwa wa dakika ya nne, ambao aliubonyeza sekunde chache kabla bosi hajajifunika ngao isiyopitika. Kwenye sanamu hiyo ni saa sahihi kabisa. Kwenye bosi yule ni kumwaga maji ziwani.

Bahati. Hapa ndipo logi inahitaji kusomwa kwa huruma. Kundi likimwangusha bosi haraka, namba za wote zinapanda, maana nguvu za mwanzo zinagawanywa kwa muda mfupi. Mwenye tabaka la kuhani akikupa nyongeza yake wewe badala ya mwenzako, umepanda bila kujifunza kitu. Kiongozi akikutuma kusimama kwenye duara la kubeba dameji ili wengine wapone, umeshuka na umefanya kazi muhimu kuliko wote. Kuna pia wanaopiga vibaraka visivyo na maana ili namba ipande, na rangi yao ni nzuri mno. Na ujue madaraja yanatolewa kwa mapambano mliyoshinda tu. Usiku wa kushindwa mara 30 hauna rangi, ingawa ndio wenye mafunzo.

Gharama. Kubwa. Uwe na kundi, ukeshe, na mmoja apakie. Habari njema ni kwamba anatosha mmoja tu kwa kundi zima, na sio lazima awe wewe mwenye bando la kupima. Faili la usiku mzima si dogo, na kulipakia moja kwa moja wakati wa pambano kunashindana na pingi yako mwenyewe. Mwachie mwenzenu wa Ulaya. Gharama nyingine ni ya uso: logi huwa wazi kwa dunia nzima isipokuwa aliyepakia akiifunga. Kuna makundi yanayomsoma mtu logi zake kabla ya kumkaribisha.

Inaficha nini. Sababu. Inakuonyesha kwamba ulisimama sekunde nne bila kufanya kitu, haijui kama ulikuwa unafikiri, mtandao ulikatika, au paka alipanda mezani. Kwangu mimi, nafasi kati ya pigo na pigo zikiwa pana usiku mzima, namtuhumu mtandao kwanza. Zikiwa pana dakika moja tu, na hasa pale bosi anapofanya jambo jipya, najituhumu mimi.

Inamfaa nani. Mwenye kundi la kudumu, na aliyeshajua vitufe vyake. Tanki na mponyaji pia, maana ndipo wanapoonekana: nani alikufa, alikuwa amebakiwa na nini mkononi, uwezo wa kinga ulitumika lini. Kwa mtu wa wiki ya pili logi ni kelele tu na kijivu cha kumkatisha tamaa.

## Simulesheni

Inapima nini. Vifaa na mpangilio, wala haikupimi wewe. Programu ya SimulationCraft inamchukua mhusika wako, inampiganisha mapambano maelfu, na kukuletea wastani. Wengi huitumia kupitia tovuti ya Raidbots. Mpangilio wake wa kawaida unaitwa Patchwerk, jina la bosi wa zamani wa Naxxramas ambaye husimama na kupiga tu, kwa takriban dakika tano. Mchezaji wake hakosei, hapigi miayo, hana pingi ya Kigoma.

Bahati. Karibu haipo, kwa kuwa mapambano maelfu yanaisawazisha. Ndiyo maana kwa swali la "pete hii au ile" hakuna kinachoikaribia. Sanamu haiwezi kukuonyesha tofauti ya asilimia moja, bahati ya jaribio moja tu ni kubwa kuliko hiyo.

Gharama. Ndogo ajabu. Adoni, programu ndogo ya kuongezea kwenye gemu, inakupa maandishi marefu ya mhusika wako kwa amri ya /simc, unayanakili, unayabandika kwenye tovuti, unangoja foleni ya wasiolipia. Ni maandishi tu. Nimeshafanya kwa simu, umeme umekatika Mwanga nzima hapa Kigoma, baada ya kujitumia maandishi hayo mwenyewe mapema.

Inaficha nini. Mtu. Pia inajibu swali la dameji tu, mponyaji akiiuliza habari zake haimfai. Na ina mtego: kwa kawaida inamhesabia mhusika nyongeza zote za kundi. Ukitaka kuilinganisha na sanamu, zima kwanza nyongeza hizo, vinginevyo unajilinganisha na mtu aliyebebwa.

Inamfaa nani. Anayechagua silaha, anayepanga vipaji, na anayetaka kujua dari yake iko wapi kabla ya kulalamika kwamba kichwa kimegonga.

## Pengo lina habari kuliko namba

Binamu alipofanya simulesheni, nyongeza zikiwa zimezimwa, ilitoka laki nne na arobaini. Sanamu ilikuwa laki nne na kumi. Pengo la elfu thelathini, kama asilimia saba, ni mikono na mtandao. Sio kitu cha kumkosesha mtu usingizi. Kutoka sanamu mpaka reidi pengo lilikuwa laki moja na elfu sitini, na hilo lilikuwa miguu na woga, pamoja na ule uwezo uliogonga ngao. Kama angeendelea kukaa mbele ya sanamu, angeweza kukaa mwezi mzima akilitafuta pengo lile dogo.

Kwa mwingine ingekuwa kinyume. Nina rafiki ambaye pengo lake lote liko kati ya simulesheni na sanamu. Kwenye reidi anasogea kama maji, hafi, lakini mpangilio wake wa vitufe aliujifunza miaka mitatu iliyopita na tabaka limeshabadilishwa mara kadhaa. Logi zake zinaonekana za mtu mwangalifu mwenye bahati mbaya. Nusu saa ya gogo kila jioni ingemsaidia kuliko kumsomea rangi.

Namba zenyewe usizihifadhi kama rekodi ya maisha. Kila toleo jipya la gemu huja na marekebisho, na laki nne ya leo inaweza kuwa elfu arobaini mwakani bila wewe kushuka kiwango.

## Kwa hali yako

Huna kundi bado na unataka kuomba nafasi: anza na sanamu mpaka wastani wako wa majaribio matano uikaribie simulesheni isiyo na nyongeza, ndipo utafute pambano jepesi la kukupatia logi ya kuonyesha. Anayekupima ataomba logi. Picha ya sanamu haiaminiki, na mimi pia siiamini, nimeshasimulia ya sanamu nne.

Una kundi, na namba zako zimekwama palepale kwa wiki: fungua logi, lakini funika rangi kwa kidole. Soma asilimia ya muda wa kufanya kazi, kisha mahali ulipofia, kisha idadi ya mara ulizotumia uwezo mkubwa. Ikiwa muda uko chini na hukufa, rudi kwenye sanamu ufanye zoezi tofauti: piga huku ukitembea, jiwekee kengele kila sekunde 20 na kila ikilia sogea hatua tano bila kuacha kubonyeza. Binamu alifanya hivyo uani kwao, laptopu juu ya ndoo, na wadogo zake ndio wakawa kengele.

Umepata kifaa kipya na hujui ukivae: simulesheni, wala usipoteze muda kwingine.

Wewe ni mponyaji au tanki: sanamu itakufundisha mahali vitufe vilipo, basi. World of Warcraft ina mapango ya kuingia na wenzako wanne wanaoendeshwa na kompyuta, na huko angalau kuna mtu wa kuponya. Baada ya hapo ni logi.

Unashuku mtandao: vua vifaa, dakika moja, hesabu mpaka 40.

Na kama ni mwisho wa mwezi, bando limebaki la kuhesabu na reidi ni kesho saa nne, nakili maandishi ya mhusika wako leo mchana, uyatume kwenye simu, simulesheni uifanye kitandani. Kinachobaki cha bando kitunzie bosi.